Kibao Changu cha Usonji, Bulla Pesa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimechoka na wiki haijaanza. Lakini kazi nimepata! Yaani, karibu. Jeremy wa shirika moja la watoto anakuja Alhamisi. Anatafuta mtu wa Isiolo wa kukaa na kuwasikiliza wazazi wa watoto wenye usonji: wale wasioongea, au wasiokuangalia machoni, au wanaoteswa na vitu ambavyo sisi hata hatuvisikii. Nimemwandikia kwamba nina cheti. Kweli. Kozi ya siku nne mtandaoni, na siku mbili kati ya hizo stima ilipotea. Nimemwandikia pia kwamba tayari nina wazazi watano ninaowahudumia. Hilo bado.

Mke wangu Sadiya ameuliza kama hii ni kama ile shule yangu ya udereva isiyokuwa na gari. Nimekodi chumba mtaa wa Bulla Pesa, kando ya Fundi Fahmo mwenye cherehani. Nimemwachia Nanok, mchoraji wa mabango, anichoree kibao.

Jumanne, 13 Mei

Kibao kimetundikwa. Herufi kubwa, rangi nyekundu, zimenyooka vizuri sana. ABSHIR: MTAALAMU WA USHONAJI WA WATOTO.

Ushonaji! Nanok anasema usonji si neno, amenisahihishia, na anangoja shukrani. Rangi imemwishia mpaka wiki ijayo. Nimekaa kwenye kiti nikaangalia ukuta.

Kufikia adhuhuri nimeletewa kaptura mbili, buibui moja, na mzee mmoja ametaka kikoi chake kipindwe. Fundi Fahmo amekuja kuuliza, kwa upole wa kuudhi, cherehani yangu iko wapi. Nimemwambia mimi nashughulika na mambo ya ndani zaidi. Akasema, aa, bitana.

Jumatano, 14 Mei

Nahitaji wazazi watano kufikia kesho. Sina hata mmoja.

Asubuhi amekuja mama kutoka mtaa wa Kiwanjani, anaitwa Umulkheir, sare ya shule mkononi. Anataka lebo ya shingoni itolewe na mishono igeuzwe iwe nje. Anasema binti yake Zeinab, miaka saba, akivaa hiyo sare anajigonga kichwa ukutani. Haongei. Mwalimu mkuu amesema akija tena bila sare, asije kabisa.

Nilimkatiza. Nikamwonyesha cheti. Nikamwambia mimi sishoni, natafuta wazazi wenye shida za kweli, nguo ampelekee Fahmo. Akasema asante. Hata hakukasirika. Nadhani kukasirika kunataka nguvu.

Baadaye wamekuja wengine watatu. Lebo, lebo, soksi zenye mshono. Wameona kibao wakadhani mtaalamu ni bora kuliko fundi. Ni ugonjwa gani huu wa lebo umeingia mjini? Wote nimewatuma kwa Fahmo. Baada ya swala nimeulizia wazazi msikitini. Nimeambiwa wapo wengi, niende pale kwenye cherehani. Wananicheka, hawa.

Alhamisi, 15 Mei

Jeremy amefika saa nne. Amekuta kiti, cheti na mimi. Ameuliza wazazi wako wapi. Nimesema wamecheleweshwa na mvua. Jua lilikuwa linachoma.

Barazani kwa Fahmo, akina mama sita na watoto wao. Msichana amelala chini ya meza, kiganja kwenye mguu wa cherehani, anausikia ukitetemeka. Ni Zeinab. Amevaa sare, mishono nje. Umulkheir anamtazama na machozi yanamtoka, wala hakuna anayemwambia anyamaze. Akina mama wenzake wanaendelea kuzungumzia mambo ya choo, ya chakula, ya majirani wanaosema ni majini. Fahmo anashona na kuitikia ehee. Hiyo tu. Ehee! Nasikia wanakutana hapo kila Alhamisi, mwaka wa tatu huu.

Jeremy alikwenda kusalimia. Amekaa huko hadi alasiri. Hakurudi kuniaga.

Jumamosi, 17 Mei

Kazi amepewa Fahmo. Fundi wa nguo! Nimelala kitandani nikiangalia mabati. Niseme ukweli, naona aibu. Yule mama alisimama mbele yangu, na mimi nikamwonyesha karatasi. Sadiya ameleta chai kama kwa mgonjwa, jambo ambalo ni baya zaidi.

Alasiri Fahmo amebisha hodi. Salaam aleikum, habari za nyumbani. Shirika linataka ripoti na yeye kuandika hajui. Ameniomba nikae pale, nisikilize, niandike wanachosema akina mama. Wanachosema wao, amerudia mara mbili. Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumatatu, 19 Mei

Siku ya kwanza kazini. Umulkheir ndiye wa kwanza. Ameanza kueleza jinsi Zeinab alivyoshinda darasani Ijumaa. Kufikia sentensi ya pili nilikuwa nimeshaelewa tatizo, nikamsimamisha ili asipoteze muda. Nimemshauri kuhusu ratiba, picha za ukutani, sukari, na kupumua kwa tumbo. Kurasa sita! Mkono unauma. Kazi ya kusikiliza inachosha, watu hawajui.

Alingoja mpaka nikafunga daftari. Kisha akageuza kiti kwa Fahmo, akaanza hadithi ileile tangu mwanzo. Nimeongeza kwenye ripoti: mama huyu ana tabia ya kurudia maneno.