Mashati Yenye Harufu ya Nyumbani

Jumapili, 11 Agosti
Leo mchungaji kaomba mvua. Kanisa zima limeitikia amina. Mimi nimekohoa. Mtu hawezi kusema amina wakati trela yake ya kufulia nguo imekaa uani, mashine nane, zote za mkopo, na tangu Juni hazijaona hata soksi. Sitaki msitu wa mtu uungue. Ila ule unaoungua tayari kule Kijito cha Mbawala usizimike kabla sijaitwa kuwafulia wazima-moto.
Kambi yao iko uwanja wa rodeo, ule wa mashindano ya kupanda farasi. Jikoni yupo Nadine, mke wangu. Mwaka wa tatu huu tangu aondoke nyumbani kwetu, na kila kiangazi hupika kambini, moto huu hadi ule. Nikimfuata na gari tupu, mimi ni mwehu. Nikimfuata na trela, ni biashara.

Jumanne, 13 Agosti
Nimeitwa! Royce Tibbets, mwenye trela kubwa, kaelemewa. Bi. Pruitt, msimamizi wa ugavi kambini, kanipa kikosi kimoja cha majaribio. Nikifanya vizuri, ataniongezea.
Royce kaniuliza mbele za watu, "Mzee Delbert, hizo ni mashine za kufulia au vyerehani?" Nimemjibu kwamba cherehani angalau hakipotezi soksi. Watu wamecheka. Naye kacheka. Hilo ndilo lililoniudhi.
Jioni nimepanga foleni ya chakula mara mbili. Mara ya kwanza Nadine kaniuliza kama bado nakula nimesimama kwenye sinki. Nimesema nakula mezani. Uongo. Mara ya pili kasema, "Delbert, wewe hujapanda mlima wowote leo. Waachie wenye njaa." Lakini kanitilia mkate wa mahindi. Nauandika kama ushahidi.

Jumatano, 14 Agosti
Bei ya kufua ni moja kwa wote, imepangwa na serikali. Kwa bei simwezi Royce. Nitamshinda kwa harufu.
Nimekwenda mjini Hamilton, nimebeba kilainishi cha nguo chote cha lavenda kilichokuwa rafuni. Ndicho alichokuwa akitumia Nadine kwenye shuka zetu. Alikuwa akimimina bila kupima, nami nikimgombeza: kizibo kimoja kinatosha mzigo mzima, mke wangu, piga hesabu. Tangu aondoke napima kizibo kimoja, na shuka hazinukii kitu.
Leo nimemimina bila kupima. Trela nzima ikawa chumba chetu. Nimekaa kwenye ndoo mpaka mashine ya mwisho iliponyamaza.

Alhamisi, 15 Agosti
Balaa. Bi. Pruitt kaja ameshika shati la njano kwa vidole viwili. Kumbe kilainishi huacha utando kwenye kitambaa, na utando huo hushika moto. Shati lililoshonwa lisiungue, mimi nimeligeuza utambi. Imeandikwa kwenye lebo, shingoni mwa kila shati. Sikusoma. Nilikuwa nanusa.
Kikosi kizima kimeshinda asubuhi kwenye nyasi kikiwa na kaptura tu, huku Royce akifua upya. Kazi yangu imeishia hapo. Royce hakunikejeli. Kaniuliza kama nahitaji mtu wa kunisaidia kufunga trela. Afadhali angenikejeli.
Nikiwa nafunga, Nadine kasimama mlangoni. Kanusa. Kisha: "Ulikuwa ukinigombeza kwa hiki."
Nikasema najua.
"Ungeunguza watoto wa watu, Delbert."
Nikasema najua.
Hakuondoka. Kavua aproni yake, kachukua na nyingine begani, kanitupia zote mbili. "Hizi hazipandi mlimani," kasema.
Nimezifua kwa mkono.

Jumamosi, 17 Agosti
Mvua. Siku nzima. Moto umekufa, kambi inavunjwa, jiko linaelekea Oregon, kwenye moto mwingine. Nilimpelekea Nadine aproni zake zimekunjwa. Karukia lori bila kuaga vizuri. Moja kaiacha juu ya boneti yangu.
Nimepiga hesabu. Aproni zilikuwa zimekunjwa pamoja. Mtu hasahau moja kati ya mbili.

Jumapili, 18 Agosti
Ibada ya shukrani kwa mvua. Nimekohoa.
Mchana nimepiga simu Oregon, nimeandikisha trela. Wameniuliza kama nina uzoefu wa kambini. Nimesema ninao. Kisha nimerudi Hamilton kununua kilainishi. Safari hii nimechukua pipa.
Wakiuliza, ni cha aproni.