Ngamia Mwekundu wa Mama Naimo

Jumatatu, 3 Machi 1952, Garissa
Usingizi umenikataa. Naimo wangu ana mimba ya kwanza huko Diff, na mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama mzazi. Lakini mama mkwe wake, Sadiyo, mkali! Akijua nataka kumchukua atakataa, na mvua ikianza lori halipiti. Barua? Msomaji wa barua kule ni kaka yake Sadiyo! Basi nimepata akili. Olow, dereva wa lori la sukari, atamwambia Naimo: ngamia mwekundu mwenye mimba arudi kwa mama yake kabla ya mvua. Ndivyo nilivyokuwa nikimbembeleza alipokuwa mtoto, ngamia wangu mwekundu. Ataelewa. Wengine watasikia habari ya mifugo tu. Nani atajali?

Jumamosi, 8 Machi
Wote wanajali! Ole wangu. Kisimani hupewi maji kabla hujatoa habari, na habari ya ngamia hakuna anayeiacha njiani. Jirani yangu Ebla kaniuliza ngamia huyo mama yake nani, ana chapa gani. Nikasema chapa imefutika. Akacheka mpaka akashika nguzo. Chapa ya moto, mama Naimo, inafutika kama masizi?

Jumanne, 11 Machi
Mume wangu Abdille kaja mbio kutoka malishoni, vumbi tupu. Wazee kisimani wamempongeza kwa ngamia asiyemjua! Yeye anawajua ngamia wake wote mpaka bibi zao. Miaka yote hii, mama Naimo, una ngamia wa siri? Nikalia. Nikamwambia kweli. Akauliza kwa upole: kwa hiyo hayupo kabisa? Maskini, alikuwa ameshaanza kumpenda.

Ijumaa, 14 Machi
Mawingu mazito. Lori limefika. Aliyeshuka kwanza: Sadiyo! Akasema, abaayo, dada yangu, Diff nzima wamemtafuta ngamia wako katika koo zote, hawakumpata, ndipo wakamgeukia Naimo na mimba yake. Nimekuletea. Si ungeniomba tu! Naimo akashushwa taratibu, tumbo mbele. Nikamkumbatia mpaka Ebla akaniambia nimwache mtoto apumue. Alhamdulillahi! Sadiyo kaleta samli nyingi. Atakaa mpaka mjukuu azaliwe, anasema.

Jumapili, 16 Machi
Mpaka azaliwe! Anachemsha chai yangu upya. Anahamisha vibuyu vyangu. Anamfundisha Naimo alale ubavu gani. Mwanangu kaninong'oneza: mama, arudi Diff kabla ya mvua, lakini asijue ni sisi. Kumwambia mwenyewe? Aibu! Lazima mwanawe, mume wa Naimo, aje kumchukua. Nimefikiri sana. Kosa langu lilikuwa ngamia. Ngamia ana ukoo, watu watauliza tu. Kesho Olow atampelekea mkwe wangu habari nyingine: punda jike mzee amepotelea Garissa, mwenyewe aje upesi. Punda, nani atamuuliza mama yake?