Usingizi Wangu Ulivyochagua Nyumba

Jumatatu, 8 Machi 1886
Ewe uliyeokota shajara hii, nakusihi, kila neno lifie kifuani mwako. Bwana Msabaha akisikia, nimekwisha.

Amekwenda Unguja. Ana nyumba mbili hapa Bagamoyo, za kupangisha wageni wa misafara. Moja inatunzwa na Bi Mwanamkasi, nyingine na Mzee Pazi. Akirudi Jumamosi, mimi karani wake nimwambie nani anatunza vizuri zaidi. Huyo atapewa zote. Nikikosea, napelekwa shambani Makurunge kufukuza nguruwe kwenye mihogo. Nguruwe!

Leo nimekwenda kwa Bi Mwanamkasi. Nikamwamkia, akanipa kahawa na halua. Nyumba ikang'aa. Akasema jambo kuhusu makuti. Sikulishika, halua ilikuwa tamu mno.

Jumanne, 9 Machi
Kwa Mzee Pazi. Akanipa samaki, chewa wa nazi. Nyumba yake ikang'aa zaidi! Njiani nikakumbuka halua. Ile ya kwanza ikaanza kung'aa upya. Mohamedi, mpangaji wa Mzee Pazi, ameniuliza kama nimetumwa kukagua nyumba au majiko.

Jumatano ya Majivu, 10 Machi
Nimefunga, tumbo lisihongwe. Ikawa vibaya zaidi. Kuta za chokaa zikawa nyeupe kama tui. Nikajikuta nimeuegemea ukuta mmoja, naunusa.

Macho hayafai. Tumbo halifai. Nani asiyehongeka? Mtu aliyelala! Nitalala mchana katika kila nyumba. Usingizi ndio utakaoamua.

Alhamisi, 11 Machi
Mvua tangu asubuhi. Nimelala kwa Bi Mwanamkasi. Ee, ndoto! Bahari iliingia polepole, bila hodi, ikaninyanyua pamoja na kitanda. Nikaelea juu ya mji, nimevaa joho la Bwana. Samaki aina ya changu wakapita dirishani, wakaniamkia: shikamoo, karani. Nikaitikia marahaba, kwa upole. Nimeamka nimelowa chapachapa. Jasho la furaha, bila shaka.

Ijumaa, 12 Machi
Mvua ileile. Kwa Mzee Pazi nimelala mkavu kama kuni. Ndoto hakuna, ila nguruwe mmoja, naye alinipa kisogo. Nyumba haina baraka. Hukumu imepatikana.

Jumamosi, 13 Machi
Bwana amefika. Nikamtaja Bi Mwanamkasi. Akafurahi, akaenda kwake kujinyoosha kidogo. Mvua ikashuka. Akatoka kilemba kikichuruzika, akiuliza ni nani aliyechagua paa hili. Bi Mwanamkasi akaapa kwamba alinisihi niagize makuti mapya. Mzee Pazi akacheka hadi akakaa chini. Nikajaribu kueleza habari za wale changu. Bwana akasema niwasalimie nguruwe. Nyumba zote amepewa Pazi.

Jumanne, 16 Machi, Makurunge
Vibanda vya walinzi ni viwili. Mlinzi mwenzangu Kulwa ameniambia nichague kimoja nikae masika yote. Sikukurupuka. Nimelala katika vyote. Kimoja kikavu, bure kabisa. Cha pili: bahari, changu, joho!

Ukitaka kunipata, fuata njia ya Makurunge hadi mwisho wa mihogo. Usiulize mtu. Kibanda cha kushoto, kile ambacho unaona mbingu kupitia paa lake. Piga hodi taratibu; huenda nitakuwa naamkiwa.