Hosta ya Wachuka

Jumatatu, 4 Agosti
Baridi. Molo haijaona jua tangu Alhamisi. Binti yangu Sue amepiga simu kutoka Nakuru: anakuja Jumamosi, mwaka mmoja tangu tumzike mama yake. Akauliza kama hosta ya mama, lile ua la kivulini, ingali hai. Nikasema imenawiri kuliko mimi. Uongo! Kati ya maua yote ya mke wangu Wachuka chini ya mti wa saiprasi, imebaki hiyo moja, ndogo, majani ya kijani yenye kingo nyeupe. Konokono wameyatoboa kama chujio la chai. Ikifa, nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Jumanne, 5
Dawa nimepata! Chumvi ya ng'ombe. Nimemwaga mkebe mzima. Konokono chali. Mimi si mjinga.

Jumatano, 6
Hosta nayo imekufa.

Alhamisi, 7
Jirani Truphosa anayo, Wachuka alimgawia. Ningemwomba, ila hatusemezani tangu ng'ombe wangu ale kabichi zake. Tena kila mtu anajua ua la kuombwa halishiki. La kuibwa ndilo hushika. Wachuka mwenyewe hakuwahi kutoka harusini bila kijiti cha ua la wenyewe mkobani. Saa tisa, Truphosa akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nikaingia na jembe, nikang'oa nusu. Nikateleza, nikaangukia kabichi. Tena kabichi! Nimeipanda mbali na ile chumvi.

Jumamosi, 9
Sue alipoiona alipiga magoti akalia. Akasema mama bado yupo. Nikakimbilia jikoni kuangalia chai ambayo hata sikuwa nimeiinjika.

Kisha akaingia Truphosa na mkebe. Ndani, nusu iliyobaki. Akasema mwizi wa ile nyingine Mungu amsamehe, na kwamba Wachuka alimwachia neno hospitalini: hosta ikimfia Baba Sue, mpe, maana hataomba. Akaangalia gambuti zangu, bado zina vipande vya kabichi. Nimemkumbuka mke wangu leo.

Jumapili, 10
Ile ya kuibwa imesimama wima. Ile ya kupewa imeshaanza kulegea. Nilijua! Nimewaza ibada nzima. Wachuka ameniachia neno, siwezi kulichezea. Baada ya kanisa nikamrudishia Truphosa kwa heshima zote, hata nikamsaidia kuipanda karibu na uzio, upande wa kwangu. Akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kabisa.

Kwaya ni Alhamisi.