Mgonjwa Mzima wa Kinampanda

Tangu kijiji cha Kinampanda, kule Iramba, kiitwe Kinampanda, hakijapata mgonjwa mwenye afya njema kama Chediel.

Mtu huyu alikuwa na baridi yabisi ya daraja la kwanza. Asubuhi vidole vyake vilivimba vikafanana na mihogo. Magoti yaligoma kukunjika, na yakishakubali kukunjika yaligoma kunyooka. Kila kulipokucha mkewe, Klara, alimvalisha soksi, akamfunga vifungo vya shati kimoja kimoja, kisha akamvuta kutoka kitandani kama mtu anayeng'oa kisiki cha mkwaju. Shughuli hiyo ikiisha, mlango unafunguliwa, na Chediel anatoka nje polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

"Umeamkaje, Mzee Chediel?" jirani angeuliza.

"Safi kabisa! Nipo likizo tu."

Likizo hiyo ilikuwa na miaka minne.

Kabla ya likizo alikuwa dereva wa greda katika kampuni ya kujenga barabara. Na si dereva hivi hivi! Kwa maelezo yake mwenyewe, nusu ya barabara za nchi hii zilinyooka baada ya kumwona. Mteremko wa Sekenke, alisema, zamani ulikuwa mkali zaidi. Yeye ndiye aliyeuambia ukae vizuri.

Ugonjwa ulipomshika mikono, kampuni ikamwachisha kazi, na mfuko aliokuwa akiuchangia ukaanza kumlipa pensheni ya ulemavu. Chediel alizipokea fedha ila jina la ulemavu alilikataa. Nyumbani kwake pensheni hiyo iliitwa "posho ya likizo."

Mambo yaliharibikia kwenye simu. Ujumbe uliingia: wote wanaolipwa pensheni ya ulemavu wafike Singida mjini kuhakikiwa na madaktari. Chediel akausoma, simu ameishika mbali kama mtu anayesoma bango la ng'ambo ya barabara.

"Wamekosea namba," akasema. Akaufuta.

Ukaja mwingine. Akaufuta na huo. Wa tatu aliufuta kwa hasira, akilalamika kwamba walemavu wa nchi hii hawajui kutunza namba zao.

Mfuko nao haukubishana. Ukafunga bomba.

Hapo ndipo Klara alipojua. Pensheni ndiyo iliyokuwa ikinunua dawa, na dawa za Chediel hazikuwa za mzaha. Akizikosa kwa muda, hata kijiko cha uji humshinda.

"Baba Sara, vidonge vimebaki vya kuhesabu kwa mkono mmoja."

"Mkono upi?"

"Wangu. Wako haukunjuki."

Safari ya mjini ikawa ya lazima. Klara alifuatilia, akabembeleza, jina la mumewe likarudishwa kwenye orodha ya kuhakikiwa. Wakalala Utemini, pale pale mjini, kwa Scholastika, dada yake Klara. Usiku Chediel akamwomba shemeji yake piko, akapaka nywele zikawa nyeusi kuliko alivyozaliwa nazo.

Asubuhi aliamka amekauka kama ngozi iliyosahauliwa juani. Shingo haigeuki, vidole havifunguki, mguu mmoja unatetemeka wenyewe.

Klara akamtazama, uso ukamng'aa. "Mungu ni mwema! Leo umeamka vibaya sana!"

Bahati mbaya, foleni ilikuwa ndefu. Ugonjwa wa Chediel ulikuwa na tabia ya mtumishi mvivu: unaripoti asubuhi na mapema kila mtu auone, ikifika alasiri umeshatoroka. Jua la Singida likamkanda pale kwenye benchi, viungo vikalegea kimoja baada ya kingine. Alipoitwa saa tisa, akasimama peke yake, akavuta koti, akaingia. Klara akaambiwa asubiri nje.

Ndani walikaa madaktari watatu. Aliyekuwa akiuliza maswali alikuwa mwanamke kijana, Daktari Radhia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu!"

"Habari za afya?"

"Njema sana!"

Hapa tumtetee kidogo. Sisi sote tumelelewa hivyo: ukiulizwa habari unajibu nzuri, hata kama nyumba inaungua. Habari za moto hufuata baadaye. Kosa la Chediel ni kwamba za baadaye hazikufuata.

"Mikono inakusumbua?"

"Hii? Daktari, hii ndiyo iliyonyoosha Sekenke!"

"Unaweza kutembea umbali gani?"

"Inategemea unataka nifike wapi."

"Na kufunga vifungo je, unaweza?"

Chediel akatazama shati lake, limefungwa vizuri mpaka shingoni. "Si unaviona?"

Daktari Radhia akaandika. Chediel, kwa kuona mambo yanakwenda vizuri, akaamua kuaga kiume. Akabana mkono wa kila daktari mpaka machozi yakatoka. Yakamtoka yeye.

"Wamesemaje?" Klara akauliza pale nje.

"Nimefaulu!"

Na kweli alifaulu. Majibu yalipokuja yalisema hali yake imeimarika, anaweza kurudi kazini, pensheni imefutwa kabisa. Kama hakuridhika, angeweza kukata rufaa.

"Nisiridhike na nini?" Chediel akasema. "Madaktari watatu, Mama Sara! Wote wamekubali!"

"Vizuri. Basi kesho ujifunge vifungo mwenyewe."

Kesho yake Chediel alitoka nje amevaa fulana. Ilikuwa nje-ndani, lakini aliivaa mwenyewe.

Dawa zikaisha. Klara akaanza kukamua alizeti za mbegu, zile ambazo hazikamuliwi, apate cha kupeleka duka la dawa. Chediel aliliona hilo, akakosa usingizi. Na kwa kuwa kusema "siwezi" kulimshinda, akafanya jambo jepesi zaidi: akampigia simu Benjamin, msimamizi wake wa zamani, kuomba kazi.

Benjamin alikuwa Rungwa, kule mkoa unakoishia na pori la akiba linakoanzia, wanachonga barabara. Dereva wao wa greda alikuwa ameacha kazi kwa kuogopa tembo.

"Lakini mzee, si uliumwa wewe?"

"Nilikuwa likizo."

Klara aliposikia, alikaa chini kabisa. "Utapandaje greda, Baba Sara, wakati kitandani nakushusha mimi?"

"Greda ina ngazi. Kitanda hiki hakina."

Siku ya safari, Klara alifunga vifungo vyote vya shati. Alipofika cha shingoni akakishikilia kidogo, kama mtu anayesahau alichotaka kufanya. Kisha akakifunga.

Shati hilo Chediel hakulivua tena. Alisafiri nalo, akalala nalo, akaamkia nalo kambini Rungwa. Wenzake walidhani ameweka nadhiri.

Asubuhi hiyo ya kwanza kazini, watu wote walisimama kumwona mtaalamu kutoka Iramba. Greda lenyewe lilikuwa jipya, la njano, linang'aa. Chediel akashika ngazi. Mguu ukakataa. Akasimama pale akilitazama tairi kwa muda mrefu, mpaka mafundi wawili wakadhani anasubiri heshima zake, wakamsukuma kwa nyuma mpaka juu. Akakaa. Goti likalia *ka!* likajifunga.

Mbele yake ufunguo ulikuwa umeshachomekwa. Akaugusa. Vidole vikaupapasa kama vinamsalimia mtoto wa watu, lakini kuuzungusha vikashindwa.

"Mbona huwashi, mzee?" Benjamin akaita kutoka chini.

"Naisikiliza mashine kwanza."

"Si haijawaka?"

"Ndiyo maana nasikiliza kwa makini!"

Watu wakatazamana. Fundi mmoja akasema madereva wa zamani wana mambo mazito.

Bado anasikiliza, Rungwa ikamjibu kwa sauti yake. Kule ni nchi ya mizinga, na nyuki wake hawaombi njia. Kundi zima lilitokea msituni likivuma kama trekta la angani.

"Nyuki!"

Kambi ikatawanyika! Wengine chini ya boza la maji, wengine ndani ya mapipa, mpishi akaingia kwenye gunia la mkaa na kulifunga kwa ndani. Benjamin, mtu wa kitambi na cheo, alikimbia kwa kasi ambayo hakuwa ameitumia tangu shule ya msingi.

Chediel hakukimbia.

Nyuki wakaingia kwenye kibanda cha greda. Wakatua kwenye usukani, kwenye kioo, kwenye kofia yake. Mmoja akatembea puani taratibu, akafika kileleni, akatazama mandhari. Chediel hakupepesa hata jicho. Alikaa vile vile, mkono kwenye ufunguo, uso umetulia kama picha ya kitambulisho.

Baadaye wakaona hapo hapajengeki, wakaondoka.

Watu walipotoka maficho wakamkuta mzima, hajachomwa hata sehemu moja. Makofi! Vifijo! "Mzee hakukimbia! Simba wa Iramba!" Mpishi, mweusi kwa mkaa kutoka kichwani hadi miguuni, alilia kwa furaha.

Hizo ndizo sifa alizozitafuta maisha yake yote, na sasa zimemjia bila hata kuziomba. Chediel alijaribu kutabasamu. Nyuma ya tabasamu hilo kilio kikawa kinasogea.

Benjamin akapanda ngazi, akasimama mlangoni, akamtazama mkono, kisha goti.

"Mzee," akanong'ona, "ungetaka kukimbia, ungeweza?"

Chini watu bado walikuwa wakiimba jina lake.

"Hapana," akasema.

Lilikuwa neno dogo tu, lakini lilitoka kwa shida kama jino.

"Na kuwasha je?"

"Hapana. Shati hili lenyewe, Benjamin, lilifungwa Kinampanda."

Kushuka kwa ngazi kukashindikana. Ikabidi uletwe mtambo wa kijiko, ule wa kuchotea udongo. Simba wa Iramba akatolewa kwenye kibanda, akalazwa ndani ya kijiko, akateremshwa taratibu kama kokoto za bei mbaya. Hakuna aliyecheka, isipokuwa yeye mwenyewe mwishoni, alipogusa ardhi.

Benjamin akampa kiti cha mbele katika gari la kampuni lililokuwa likienda Singida. Njiani Chediel akampigia Klara.

"Mama Sara, tukutane Utemini. Nataka kukata rufaa."

"Utawaambia nini safari hii?"

"Nitawaambia wewe unafanya nini asubuhi."

Upande wa pili Klara akapenga kamasi, akasema anakuja.

Kwenye jopo la rufaa, safari hii asubuhi kwa ombi la Klara na mumewe, madaktari wengine walikuwa wapya ila Daktari Radhia alikuwepo. Chediel aliomba mkewe aingie naye.

"Shikamoo, baba. Habari za afya?"

"Nje..." Mdomo ulikuwa umeshaondoka wenyewe. Klara akakohoa. Chediel akameza mate. "Mbaya, daktari. Mbaya sana."

Daktari mmoja akainua kichwa, kama mtu aliyesikia lugha ngeni.

Daktari Radhia akamwomba avue shati wampime. Chediel akapeleka vidole kwenye kifungo cha juu. Vikateleza. Akarudia. Vikateleza. Hakuna aliyemharakisha. Jasho likamtoka, piko, ambalo hakuliacha hata safari hii, likaanza kushuka kwenye paji la uso kwa mistari.

"Siwezi," akasema. "Huyu ndiye hunifunga. Na kunifungua. Na soksi ni yeye. Na kuniinua."

"Mbona hukusema mwanzoni, baba?"

"Mliniuliza nikiwa nimeshavishwa."

Daktari Radhia akaandika kwa muda mrefu. Alipomaliza aliongeza kwamba mgonjwa huyu akiitwa tena, aitwe asubuhi.

Pensheni ikarudi, dawa zikapatikana, uji ukaanza tena kufika mdomoni bila kumwagika. Lakini Chediel hakuridhika kupona nusu. Kama amewaambia madaktari, alisema, basi na Kinampanda iambiwe. Alikaa siku kadhaa akiandaa maneno. Alijua yatawaumiza watu, wengine huenda wakazimia, hasa akina mama wa kwaya.

Jumapili, kanisani, wakati wa matangazo, akasimama kwa kushika benchi.

"Ndugu zangu, nina jambo zito." Akavuta pumzi. "Nimewaficha kwa muda mrefu. Mimi sipo likizo. Mimi ni mgonjwa. Mikono yangu haifanyi kazi. Mimi ni mlemavu, na ninalipwa pensheni ya ulemavu."

Akasubiri vilio.

Mtoto mmoja akapiga chafya.

"Asante, Mzee Chediel," mwinjilisti akasema. "Tangazo linalofuata: mbuzi wa Marko amepotea, mweupe, ana doa mgongoni. Atakayemwona atoe taarifa."

Kanisa zima likashtuka! "Yule mbuzi mweupe? Lini tena?" Minong'ono ikajaa mpaka kengele ikagongwa.

Nje, Chediel akamkamata Marko, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, kabla hajaelekea porini.

"Marko, ulisikia nilichosema?"

"Nilisikia, mzee. Pole sana." Macho yake yalikuwa vichakani.

"Na hukushangaa?"

"Nishangae nini? Kijiji kizima kinajua unaumwa. Mpaka watoto wa chekechea."

"Mlijua! Na mkanyamaza miaka yote hii?"

Marko akamtazama kwa huruma.

"Sasa tungesemaje, mzee? Tulidhani wewe ndiye hujaambiwa."