Nilibisha Hodi kwenye Yai

Leo nimeaibika mchana kweupe, na aliyeniaibisha alikuwa hata hajazaliwa. Naandika haraka kabla hamjasikia kwa wengine, maana hapa Endagikot habari hazihitaji bando.

Kwa wasiojua, mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Leo ilikuwa kliniki ya wajawazito, na nilipangiwa kufundisha mapishi ya mayai yaliyochanganywa na nyama na mboga ya mnafu. Chakula cha kuongeza damu. Nimeshakifundisha sana, nakijua kama Baba Yetu. (Kujisifu kulianza mapema, mtaona.)

Ila leo sikuwa na raha. Mdogo wangu Paskalina ana mimba kubwa na damu yake iko chini. Nesi amemwambia ale nyama, mboga za majani na mayai. Nyama anakula ikipatikana. Mboga anakula. Mayai, hapana. Ameolewa kijiji cha Daudi, na mama mkwe wake, Mama Boay, anaamini mjamzito akila mayai mtoto anazaliwa na kipara. Nimembembeleza yule mama mpaka nikaishiwa maneno. Juzi akakubali kuja na mkwewe kuona mapishi, lakini kwa sharti.

"Nakuja mara moja tu, mwanangu. Nikiona mambo hayaeleweki, usinifuate tena nyumbani na habari za mayai."

Kwa hiyo kwangu leo ilikuwa leo. Nimepiga pasi hadi soksi.

Asubuhi mke wangu aliwahi Maretadu kumsaidia mama yake kuvuna maharage. Akaniachia neno moja mlangoni: "Mayai yapo jikoni." Nikaingia jikoni. Nyuma ya mlango nikakuta kikapu, ndani yake mayai yamejipanga vizuri kwenye majani makavu. Nikayagusa, yana joto. Nikasema safi, haya yametagwa sasa hivi. (Yote. Kwa pamoja. Na kuku mmoja. Hilo sikujiuliza.)

Kila yai lilikuwa na mchoro mweusi. Nikajua ni masizi. Mtu ninayehubiri usafi siwezi kusimama mbele ya akina mama na mayai machafu, kwa hiyo nikayaosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, moja moja, mpaka yakang'aa. Nikayafunga kwenye sweta langu yasigongane, nikaondoka. Kuku wetu mwekundu akanifuata hadi barabarani akipiga kelele. Nikafikiri ananipenda.

Kliniki nikakuta akina mama wamejaa barazani. Mama Boay amekaa benchi la mbele na chupa yake ya chai, Paskalina pembeni yake, macho chini.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba."

Mama Boay naye aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye kikaango.

Nikaanza. Nikakaanga kitunguu, nikaweka nyama niliyoikatakata ndogo ndogo, nikaeleza kwamba nyama ina madini ya chuma ambayo mwili unayatumia kutengeneza damu. Ikaiva, nikaweka mnafu. Nikawaambia majani yasipikwe mpaka yakalala kabisa, vitamini zinapotea, na ndimu ikamuliwe mwishoni kwa sababu inausaidia mwili kuchukua chuma cha kwenye majani. "Na chai," nikasema nikiangalia ile chupa bila kumwangalia mwenye chupa, "isinywewe pamoja na chakula hiki. Inazuia chuma kuingia mwilini. Subirini kwanza." Mama Boay akaikumbatia chupa yake.

Nikafika sehemu yangu ninayoipenda. Nikatoa yai kwenye sweta, nikalinyanyua juu.

"Akina mama, humu ndani kuna nini?"

Paskalina akasema kwa sauti ndogo, "Protini."

"Protini ya kujenga mwili wa mama na mtoto. Yai ni dogo hivi, lakini lina uhai ndani yake." (Niliyasema haya kwa mdomo wangu mwenyewe.)

Nikaligonga kwenye ukingo wa bakuli, taratibu, kwa pozi. Ndani nako kukagongwa. Nikadhani ni kidole changu. Nikagonga tena kidogo.

Yai likasema, "Pii."

Shingo zote barazani zikanyooka. Kisha yale mengine kwenye sweta yakaitikia.

"Mwalimu," akasema mama mmoja wa nyuma, "umebisha hodi, na wenyewe wapo."

Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile. Kuna mama alishuka kwenye benchi akakaa sakafuni kabisa. Nesi alitoka kuangalia kuna nini, akarudi ndani ameziba mdomo. Yule mama wa nyuma akaja, akachukua yai moja, akaligeuza huku na huku. "Alama ya mkaa iko wapi?"

Hapo ndipo kichwa kikafunguka. Huku kwetu kuku akianza kulalia mayai ndani ya nyumba, mayai yake yanachorwa kwa mkaa, ili kuku mwingine akija kutaga humohumo, yai geni lijulikane na kutolewa. Bibi yangu alifanya hivyo. Mke wangu anafanya hivyo. Mimi mwenyewe nimeshawahi kumshikia mkaa. Na leo nimeamka nikaosha alama zote kwa sabuni.

Nikamtazama mdogo wangu. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamwangalia mama mkwe wake, na Mama Boay alikuwa ameshasimama. Aibu yangu naweza kuivumilia, jamani. Lakini akilini nilimwona Paskalina akirudi Daudi na damu yake ileile, kwa uzembe wangu mimi, nikaumia sana.

Mama Boay akaja mpaka mezani, akanyoosha mkono.

"Lete hao watoto, watapata baridi."

Akachukua sweta na mayai yake, akalikumbatia kifuani chini ya shuka alilojitanda, akarudi kukaa. "Na zima jiko, nyama inaungua."

Yule mama wa nyuma anakaa jirani na kliniki, akaenda kwake akaleta mayai mengine. Kila yai lilipita masikioni mwa benchi zima kabla ya kunifikia. Nikawasha jiko, nikapika. Nakamulia ndimu, namwona Mama Boay anafunua shuka. Lile yai nililoligonga lilikuwa limepasuka, na kifaranga kiko kiganjani mwake, kimelowa, kinajaribu kusimama.

Akakipangusa kwa ncha ya shuka.

"Huyu amekaa ndani ya yai tangu mwanzo, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Amekula hilohilo yai. Hana kingine alichokula."

"Ndiyo, mama."

"Na ametoka na manyoya mwili mzima."

Nikajishughulisha kupakua chakula sahanini. Niliogopa kuharibu. Mama Boay akavuta sahani kwa mkono uliobaki, akaiweka mapajani kwa Paskalina.

"Kula, mwanangu."

Paskalina akala, akamaliza, akaniangalia akacheka kwa mara ya kwanza leo. Mimi nikageukia ukutani kujifuta macho. (Moshi. Ndiyo, najua jiko lilikuwa la gesi.) Mama Boay naye akaonja, akasema chumvi imezidi. Akaanza kufungua chupa yake ya chai, akasita, akaifunga. "Tutakunywa nyumbani," akasema. Nyie, nilitaka kumbeba.

Mayai nimeyarudisha na kifaranga chake. Kuku mwekundu ameyapokea bila asante, amenidonoa, na hadi jioni hii wengine kadhaa wameshatoka salama. Bakuli la mayai ya kupika lilikuwa juu ya kabati, usawa wa macho yangu. Mke wangu habari zilimkuta hukohuko Maretadu. Amerudi, amelitazama bakuli, amenitazama mimi, ameingia chumbani, na mpaka sasa nasikia kitanda kinatikisika kwa kicheko.

Nanyi mkitaka kucheka, chekeni kwa sauti ya chini. Vifaranga wamelala.