Ombi la Kubadilishiwa Nyanya kwa Sababu ya Ladha Kupita Kiasi

Ndugu Bwana Shamba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na miche yote ya kitalu cha manispaa. Mimi ni yule fundi cherehani niliyefika kwako kabla ya mvua, nikiomba miche michache ya kupanda nyuma ya nyumba kwa ajili ya sandwichi zangu za mchana. Ombi langu lilikuwa dogo. Nilitaka nyanya ngumu kama za dukani, zile ambazo zikidondoka kutoka mezani zinaendelea na safari. Wewe ukachukua kisu, ukakata vipande vya aina tatu, ukanisihi nionje kwanza. Hapo ndipo uliponiharibia maisha, na malalamiko yangu ni haya:

1. Nilichagua ile kubwa yenye mikunjo na mabega ya kijani. Nilipoionja nilisahau baiskeli yangu getini kwako, nikarudi nyumbani kwa miguu. Ofisa wa serikali hapaswi kumwacha mwananchi achague chochote akiwa katika hali ile.

2. Nyanya hiyo ina maji mengi. Zamani nilikuwa nakula huku nashona, na hakuna kilichodondoka kwa kuwa hakukuwa na cha kudondoka. Sasa tone moja, pamoja na mbegu zake, limetua kifuani mwa gauni jeupe la harusi. Mama wa bibi harusi alikuja amekunja uso, nami nikampa nusu ya mkate wangu. Alikula, kisha akaomba kiti. Doa tuliliziba kwa ua la kitambaa, harusi ikapita salama, bibi harusi yuko kwake. Mama yake bado anakuja kila mchana, na siku hizi anakuja na mkate wake mwenyewe na shoga yake. Kuna suruali za watu zinanisubiri mpaka naona aibu kuziangalia.

3. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja kutusalimia Ijumaa moja akasema Jumapili anaondoka. Jumamosi akaonja nyanya. Jumapili akafua nguo zake zote. Mtaani wameshampa jina, wanamwita Wikiendi. Analala kwenye kochi langu, na kwa urefu wake miguu inavuka mkono wa kochi hadi kwenye redio, hivyo taarifa ya habari naisikiliza nikiwa nimesimama.

4. Huyu Wikiendi amejifanya mkuu wa jiko. Anakata nyanya nene, anazinyunyizia chumvi, anaziacha zitulie kwenye sahani kabla hazijagusa mkate. Mkate nao anaupaka siagi vipande vyote viwili ili usilowe. Mimi mwenye bustani siruhusiwi kushika kisu, eti nakata nyanya kama napunguza pindo.

5. Nyumba yangu ilikuwa na utulivu. Mimi na mke wangu tulikuwa tunakula kila mtu na kona yake, hakuna aliyemsumbua mwenziwe. Sasa tunakaa meza moja, yeye na mdogo wake wanakumbushana vituko vya utotoni, na mimi nacheka mkate ukiwa mdomoni. Juzi nilipaliwa mpaka wakanipiga mgongoni. Nilipomlalamikia mke wangu kuhusu kochi, akanijibu kwamba ana raha. Nimekosa hata wa kunung'unika naye, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Kwa unyenyekevu naomba unibadilishie. Nipe aina isiyo na ladha kabisa, hata ikifanana na mpira wa kuchezea nitashukuru. Nimelipigia hesabu jambo hili: nyanya ikipooza, mkate utapooza, mkate ukipooza, mama wa bibi harusi atakumbuka jiko lake, Wikiendi atakumbuka kwao, nami nitapata kochi langu. Ikishindikana, basi manispaa iweke kibao kitaluni kuwaonya wananchi kwamba aina hii huvuta ndugu.

Nisalimie wote hapo, hasa yule dada wa kumwagilia maji aliyenicheka nilipokuwa natafuna huku nimefumba macho.

Ni mimi mwananchi mtulivu niliyevurugwa,
Fundi cherehani.

N.B. Nilikuwa sijaifunga barua hii Wikiendi alipokuja kuaga. Amepata kazi mji mwingine, ameondoka na basi la asubuhi. Mchana nimekata nyanya mwenyewe, nene kama alivyokuwa anakata yeye, nikatia chumvi, nikasubiri. Tumekula mimi na mke wangu huku tunatazama kiti chake. Mke wangu akasema labda chumvi imepungua. Haikupungua. Tafadhali usinibadilishie kitu. Niwekee miche mingine ya aina ileile, tena mapema, maana amesema akipata likizo atapita kutusalimia. Redio nimeshaihamishia chumbani, ili miguu yake ipate nafasi.